Msichana Aliyetolewa kwa Adui

Ikiwa unasoma shule katika Kericho au Bomet, chai imekuzunguka pande zote, na ni rahisi kudhani kuwa nchi hii ilianza pamoja nayo. Haikuanza nayo. Mashamba makubwa ya chai yalifunguliwa hapa katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo vilima hivi vilikuwa malisho na misitu, na ukingo wao wa magharibi ulikuwa mpaka wa vita. Ukifuata barabara iendayo Kisumu, utaiacha baridi ya majani chai nyuma yako, kisha utateremka katika uwanda wa Kano wenye joto, nchi ya miwa na mpunga, penye miji ya Awasi na Ahero. Juu walikaa Wakipsigis na ndugu zao Wanandi. Chini walikaa Wajaluo. Wajaluo waliwaita watu wa juu kwa jina moja, Lang'o. Walinyang'anyana ng'ombe, wakauana. Tena walibadilishana mifugo kwa nafaka, na wakaoana. Katika ujirani huo, mchungu na mtamu, ilizaliwa hadithi ya Lwanda Magere.

Yamkini umekwisha kuisikia. Lwanda Magere alikuwa shujaa wa Kano, wa ukoo wa Sidho. Mwili wake ulikuwa kama jiwe: mkuki ukimpiga uliteleza, mshale ukimgusa ulianguka chini. Lang'o walipigana naye na kushindwa hata wakachoka. Basi wazee wao wakafanya shauri, wakaomba amani, na kwa dhamana ya amani hiyo wakampa Lwanda msichana mzuri awe mke wake. Wazee wa Kijaluo walimwonya asimpokee. Akampokea. Siku moja aliugua, akamwomba mke huyo amchanje na kumtia dawa. Mke alipojaribu, kisu hakikuingia. Ndipo mume alipomwambia achanje kivuli chake. Akachanja, na kivuli kikatoka damu. Mke akatoroka usiku akarudi kwao na siri ile. Vita vilipoanza tena, mkuki ulielekezwa kwenye kivuli. Lwanda akaanguka, akageuka jiwe, na jiwe hilo huonyeshwa hata leo kando ya Mto Nyando. Husemwa kuwa mwindaji anoaye mkuki wake juu yake harudi mikono mitupu.

Hadithi ikiisha, huulizwa darasani: tumejifunza nini? Mikono huinuliwa upesi. Mmoja husema, usimwambie mwanamke siri. Wa pili husema, usioe katika watu wa adui. Majibu haya yameandikwa katika madaftari mengi kuliko inavyofaa. Nayaona kuwa mabaya, na ubaya wake wa kwanza ni kwamba hadithi yenyewe haiwezi kuyabeba.

Chukua mfano wa pwani. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, naye hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyeitafuta siri hiyo hakuwa mwanamke wala mgeni. Alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyeshawishiwa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Alimchoma baba yake usingizini, na mwisho wake ukawa fedheha. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, utaona kuwa siri ya shujaa hufikiwa na mtu aliye karibu naye, na ukaribu haujui kabila wala jinsia. Mwenye kujilinda na hatari hiyo kabisa yampasa kuishi bila mke, bila mwana, bila rafiki. Na mtu wa namna hiyo amekwisha kuwa jiwe kabla ya mkuki kumfikia.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, msichana yule alikuwa msaliti? Ukiwa mtoto wa uwanda, huenda damu yako ikajibu kabla ya akili: ndiyo, alikuwa mwovu. Ukiwa mtoto wa vilima, huenda ukasema: la, aliwaokoa ndugu zake. Lakini jibu ambalo lazima kwanza tuulize mtu amezaliwa wapi ndipo tulijue, halijafikiriwa bado.

Mtazame msichana mwenyewe. Alitolewa, hatusikii popote kuwa aliulizwa. Jina la mume tunalo, jina la mto tunalo, hata jiwe lina jina; yeye, katika masimulizi yaliyoenea, huitwa tu mke wa Kilang'o. Watu wake walimtoa kama watoavyo ng'ombe wa fidia, na Lwanda alimpokea kama apokeavyo mshindi. Mtu ambaye hakuulizwa anadaiwa uaminifu gani? Ahadi ya amani haikutoka kinywani mwake. Ilitoka vinywani mwa wazee, nao waliitamka wakiwa na vita kifuani.

Lakini usikimbilie kumsafisha. Mgonjwa alilala mbele yake, akamkabidhi jambo ambalo alikuwa amewaficha maadui wote. Amana hiyo haikupita mikononi mwa wazee. Aliipokea yeye, kwa mkono wake mwenyewe, na kisu mkononi. Upande wa pili walikuwapo kaka zake, waliokufa vita baada ya vita kwa mkono wa mtu huyu huyu aliyekuwa akiugua. Jaribu kusimama hapo kitambo, msomaji, katika nyumba ile yenye giza, kabla ya kutoa hukumu. Popote atakapoelekea kuna mtu aliyemtegemea.

Maoni yangu ni haya, nawe waweza kuyapinga. Alimdhulumu mtu mmoja ili aokoe wengi, na wokovu wa wale wengi haukuifuta dhuluma ile. Hata hivyo deni kubwa zaidi ni la wazee waliomtuma. Waligeuza kiapo cha amani kuwa mtego, na hasara ya tendo hilo haiishi kwa kifo cha shujaa mmoja. Maana siku jirani atakapokuja kuomba amani ya kweli, nani atamsadiki? Nawalaumu pia kwa sababu walimbebesha msichana mzigo ambao wao, wenye mikuki na mvi, walishindwa kuubeba.

Jambo moja la kuwasifu wasimulizi wa Kano lisipite bila kutajwa. Wangaliweza kusema kuwa Lang'o walishinda kwa uchawi. Badala yake waliliweka katika hadithi yao wenyewe onyo la wazee lililopuuzwa, na kiburi cha shujaa wao waliyempenda. Si kila taifa husimulia hivyo kushindwa kwake.

Usidhani kuwa nakusumbua kwa mambo yaliyokwisha kufa. Sondu ni mji wa soko penye mpaka wa Kericho na Kisumu, ambako Wajaluo na Wakipsigis huuziana samaki na mazao ya shamba. Huko mapigano yalizuka mwaka 1992, na yakazuka tena mwaka 2023. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai waliotoka makabila mengine walikimbia Kericho. Katika siku kama hizo, mke aliyeolewa ng'ambo ya mpaka huulizwa na majirani wa mumewe: wewe ni wa nani? Akirudi kwao, kaka zake nao humwuliza vivyo hivyo. Mwanafunzi aandikaye kuwa fundisho la hadithi ni kutooa kwa adui, atawaambia nini watoto wa ndoa hizo, ambao pengine mmoja wao ameketi naye dawati moja?

Ukipata nafasi, mwulize nyanya yako hadithi hii, na mwenzako wa kabila la pili amwulize wake; kisha linganisheni mahali masimulizi yanapoachana. Mimi natamani kujua jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi. Wanatueleza mwisho wa Lwanda na mwisho wa vita. Msichana wanamwacha njiani usiku, akipanda mlima kurudi kwao, na hawasemi ni nani aliyemfungulia mlango, wala alimpokeaje.