Kupona si kujua

Wazee wanasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Vijana wa boda hapa Nakivale wakisikia methali hii wanacheka. Wanasema eti hiyo ni ya watu ambao hawajaona vita. "Sisi tulipita risasi, tulilala msituni, sasa lami ya Mbarara itatutisha nini?" Nafanya kazi na vijana na maneno haya nayasikia kila mara. Nataka kuyajibu kwa heshima, sababu yana ukweli ndani yake, lakini yana mtego pia.

Ukweli ni kwamba mtu aliyepita mengi hashtuki haraka. Mtego ni kwamba kupona si kujua. Risasi zikikukosa, hukujifunza kukwepa risasi. Ulipona, Mungu ashukuriwe, lakini hakuna ufundi uliobaki mkononi. Pikipiki haikuulizi kama umetoka Masisi, Bujumbura au Mogadishu. Inakuuliza tu kama unajua kushika breki kwenye changarawe.

Kuna mchezo unaonisaidia kuwaza. Kule Kenya, juu ya Bonde la Kerio karibu na Iten, kwenye mita kama 2,400, watu wanaruka kutoka ukingoni na bawa la kitambaa. Wamekaa kwenye mikanda, hewa inawabeba. Ukiwatazama kwenye simu unadhani hawana woga. Kumbe mwanafunzi wa mchezo huo haanzi na mlima. Anaanza uwanjani, miguu chini, anasimamisha bawa na kulishusha, tena na tena. Halafu kilima kidogo. Mlima mkubwa unakuja baadaye, na hata hapo anabeba parachuti ya akiba. Mchana jua likiwaka sana, hewa inapanda kwa nguvu na kutikisa bawa, basi asiyezoea anangoja utulivu. Kuna siku rubani anapanda mpaka juu, anatazama upepo, anakunja bawa na kurudi kwa miguu. Rubani mzuri anajua kwamba kukataa kuruka nako ni sehemu ya kuruka.

Walimu wao hawamhofii tu mtu wa siku ya kwanza. Wanamhofia sana yule aliyejua kidogo. Na hapa kwetu ni vilevile. Anayejifunza anaendesha polepole kati ya Base Camp na Rubondo, anapiga honi hata kwa mbuzi. Baada ya miezi michache anabeba abiria wawili na gunia la mahindi, anashindana na malori. Woga umeondoka, ufundi haujafika. Watu wanaumia hapo katikati.

Kwa hiyo mimi naona woga ni kama mshale wa mafuta. Ukiuvunja, mafuta hayaongezeki. Unabaki tu hujui yataisha wapi.

Lakini si kila woga unasema kweli. Kuna kijana aliyeanguka mara moja na sasa hata kushika usukani hawezi. Kuna mwingine anayeogopa kwa sababu aliambiwa mkimbizi hafiki popote. Basi uulize woga wako: unaogopa nini hasa? Ukikutajia kitu, kama tairi limekwisha, giza, mvua au usingizi, usikilize na urekebishe. Ukikosa jibu, ukarudia tu "utashindwa, utashindwa", usibishane nao. Upakie nyuma, nenda hatua ndogo, kesho ongeza kidogo.

Kuna tofauti moja kubwa. Rubani akiruka peke yake, anahatarisha mwili wake. Dereva wa boda anabeba mama mwenye mtoto mgongoni, anampeleka hospitali Mbarara. Yule mama hajui kama breki zako ni nzima. Ana haki ya kufika salama kuliko wewe ulivyo na haki ya kuonekana shujaa.

Najua mtanijibu: rubani anakunja bawa lake sababu hakuna anayemdai jioni. Sisi mwenye pikipiki anataka hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Hilo ni kweli, na silipiti kimya. Mtu mwenye njaa hawezi kufundishwa tahadhari kwa maneno tu. Ndiyo maana nasema tahadhari ni kazi ya kikundi. Tuna vikundi vya kuchangia msiba na harusi. Kwa nini tusiwe na kimoja cha siku ya mvua, ili anayesimama asilale na deni?

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika: gari lenu lina mikanda, na jua likianza kushuka mnaondoka. Hatusemi ni woga, ni utaratibu mzuri. Ila msituite wazembe, maana utaratibu huohuo kwetu unakula chakula cha jioni. Kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa dereva wa pikipiki kwa karibu asilimia 40, na sheria ya Uganda inataka dereva na abiria wote wavae. Basi mkipanga mafunzo ya vijana, tupeni kofia mbili kwa kila pikipiki kabla ya fulana zenye nembo.

Kwako dereva, nina ombi dogo. Kabla ya kuwasha, tazama tairi, tazama mbingu, tazama uso wa abiria wako. Halafu jiulize: safari hii naijua, au nilipona tu mara iliyopita? Kama jibu ni la pili, shusha stendi. Hatutakucheka.