Kwako, Wala Si Kwenu

  

Ndugu zangu, muhula uliopita, baada ya darsa ya Jumatano, dada mmoja wa mwaka wa pili aliandika swali kwenye karatasi likapitishwa mbele: je, ni haramu kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee? Amir akanipa mimi nijibu. Nilijibu haraka, kama tunavyojibu sisi tuliozoea kushika maikrofoni. Nikasema ndiyo, hiyo ni desturi ya Wazungu, sisi wazee wetu tunawatunza nyumbani. Watu wakapiga takbir. Naandika makala hii kwa sababu jibu lile lilikuwa la ovyo, na nilijua hivyo hata nilipokuwa nikilitoa.

Nyanya yangu, mama yake baba, alizaliwa Kudhaa, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwani waliporwa vyombo vyao na nyavu zao, na wengi wakakimbilia Kenya kwa njia ya bahari. Nyanya na mdogo wake walikaa kambi ya Jomvu, Mombasa. Baadaye wapo waliorudi visiwani. Wao hawakurudi. Nyanya alibaki Mombasa kwa baba yangu, na mdogo wake, ambaye kwetu ni nyanya mdogo, akamfuata mwanawe Uingereza. Mwaka 2014 tuliposikia kwamba kunapiganwa humo humo Kudhaa, nyanya aliacha kuuliza habari za kurudi.

Miezi miwili kabla ya ile darsa, nyanya alianguka bafuni. Kwa hesabu ya majina nyumba yetu ina watu saba. Baba alikuwa kazini, mama sokoni, wadogo zangu shuleni. Mimi nilikuwa likizo, chumbani, mlango nimeurudishia, visikizio masikioni, nikisikiliza mawaidha kwenye simu. Nyanya aliita. Alianguka baada ya Adhuhuri, nami nikamkuta nilipotoka kutawadha kwa ajili ya Alasiri. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, mtandio ameuvuta ukamfunika vizuri, na neno la kwanza aliloniambia ni kuniuliza kama nimekula.

Huyo ndiye aliyesimama mbele yenu akasema sisi wazee wetu tunawatunza nyumbani.

Sasa nyanya mdogo. Yeye anaishi katika majengo ya wazee, katika mji mmoja wa Uingereza. Ana fleti yake, mlango wake na ufunguo wake, na jiko dogo anamopika wali wake wa nazi. Walezi wako humo humo, usiku na mchana. Mzee mwenye nguvu huachwa ajifanyie mambo yake, aliyechoka husaidiwa kuoga na kuvaa, na aliyezidiwa huongezewa huduma pale pale bila ya kuhamishwa. Kila chumba, na bafuni pia, kumening'inia kamba nyekundu inayofika karibu na sakafu, ili aliyeanguka aweze kuivuta akiwa chini.

Wiki nyanya alipotoka hospitali, nyanya mdogo alipiga simu ya video. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika. Akauliza, "Dada, ulikaa chini muda gani?" Nyanya akasema, "Kidogo." Nyanya mdogo akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nikianguka navuta kamba, mtu anakuja. Wewe kamba yako ni nani?"

Nyanya hakujibu. Aliniangalia mara moja, halafu akauliza habari za baridi ya huko.

Msinielewe kwamba nauza majengo yale. Nyanya mdogo analetewa chakula cha halali akikitaka, na wamemwekea alama ya kibla ukutani. Lakini hupita siku tatu asisikie salamu kwa lugha yake. Mwanawe yuko mji wa pili, si mbali kwa treni, na huja mara moja kwa mwezi, ameshika funguo za gari mkononi muda wote wa mazungumzo. Ramadhani iliyopita alifuturu mbele ya televisheni. Anasema walezi ni watu wema, ila wanampenda kwa saa za zamu. Basi nani kati ya ndugu hawa wawili ametupwa? Yule wa kamba, au yule wa nyumba ya watu saba?

Nyanya akisimulia Kudhaa, hasemi habari za nyumba ya wazee, kwa sababu mtaa wenyewe ndio uliokuwa nyumba ya wazee. Milango haikufungwa mchana. Chombo kikirudi, kitoweo cha mzee asiye na mwana kilitengwa kabla samaki hawajauzwa. Asiyeonekana msikitini Alfajiri aliendewa kabla jua halijapanda. Sitaki kupamba, nyanya mwenyewe anasema walikuwako wazee walioteswa kwa maneno na wake za wana wao, na wengine walioumwa mpaka mwisho bila dawa kwa sababu hospitali ilikuwa Kismayu na bahari ya kusi haikupitika. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kuanguka Adhuhuri akaonekana Alasiri. Sisi tuliohama tumeondoka na ule msemo wetu wa kutunza wazee nyumbani, tukauacha nyuma mtaa uliokuwa ukiifanya kazi hiyo. Na hapa nyanya hana kitambulisho cha Kenya, kwa hiyo hata zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa waliotimiza miaka 70 hazimfikii. Ana sisi tu.

Fungueni Suratul Israa, aya ya 23. Aya inaanza na hukumu ya kumuabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na hapo maneno yameelekezwa kwa wengi: ninyi nyote. Kisha yanakuja mambo ya wazazi kufikia uzee, na ghafla wingi unaondoka. Neno lililotumika ni "indaka", yaani kwako, wewe mmoja. Na makatazo yanayofuata, ya kuwaambia "uff" na kuwakemea, yote ni kwa mtu mmoja. Mpaka aya ya 25 ndipo wingi unarudi. Mwanafunzi yeyote wa nahau anaona hili, nami nililipita miaka yote nikihifadhi sura hii bila kujiuliza chochote.

Kwetu tuna kundi la familia la WhatsApp. Nyanya akiumwa, watu kumi na tisa wanaandika amin. Kila mmoja anaamini mwingine amekwenda. Huo ndio wingi ambao aya imeuondoa.

Na "kwako" maana yake nini? Zamakhshari katika tafsiri yake anaeleza kwamba wamefikia hali ya kuwa mzigo juu ya mtoto wao, hawana mdhamini mwingine, wako katika nyumba yake na himaya yake. Nyumba imo, sikatai, na anayeweza kukaa na mzazi wake chini ya dari moja asitafute ruhusa kwangu. Lakini himaya imo pia, na nyanya siku ile alikuwa na nyumba bila himaya.

Siku ya kufunguliwa Makka, Abubakar (R.A.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, kwa Mtume (S.A.W.). Mzee alikuwa kipofu, kichwa chote cheupe. Mtume akamuuliza Abubakar kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake ili yeye Mtume amwendee. Fikirini siku yenyewe: mji umefunguliwa, majeshi yamejaa, kila mtu anamtaka. Na yeye yuko tayari kutembea kwa mzee ambaye mpaka saa ile hata hajasilimu. Sisi tunamwambia nyanya tutakuja mitihani ikiisha.

Wala wazee kutunzwa na umma si jambo geni katika dini yetu. Abu Yusuf ameandika katika Kitabul Kharaj kwamba Omar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba, akamshika mkono mpaka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwagiza mtunza hazina amwangalie yeye na walio mfano wake. Zanzibar leo serikali ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba, na tangu Aprili 2016 inalipa pensheni kwa kila aliyetimiza miaka 70. Ilianza kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Hao ni Waislamu wenzetu, na sijui kwa nini niliziita nyumba hizi za Wazungu.

Kwa hiyo dada yangu uliyeuliza, nisamehe, nami nalirudisha jibu lako upya. Nilikwenda kwa sheikh wangu, akaniuliza maswali badala ya kunijibu: mzazi mwenyewe ameridhia? Maradhi yake unayaweza kweli, au unajidai? Huko anakokwenda ataswali, atakula halali, atasitiriwa na wa jinsia yake? Na akifika huko, ni wewe atakayekutaja akiulizwa nani wako? Akasema majibu yakiwa mazuri haoni haramu. Ama kumwondoa mzazi ili wewe upumue, hilo ni kumuasi, na akaongeza bila mimi kumwambia lolote: hata ukimwondoa mpaka chumba cha uani.

Wengi wetu hapa chuoni tuko mbali na kwetu, tunatuma M-Pesa na dua. Vyote vina thawabu inshallah. Lakini kabla ya kulala leo, jiulize kama unajua mzazi wako, au nyanya yako, huwa na nani nyumbani baina ya Adhuhuri na Alasiri. Usiulize kundini. Piga simu.

Nyumbani tumeandika zamu, jina moja kwa kila siku. Jumamosi na Jumapili ni zangu, na hurudi kwa matatu ya Ijumaa jioni. Nimefunga kengele ya baiskeli kitandani kwa nyanya, na nyingine bafuni, chini kabisa, urefu wa mtu aliyelala. Baba alisema ni mchezo wa watoto. Usiku wa kwanza ilipigwa saa nane. Nilikimbia bila viatu. Nyanya alikuwa ameketi kitandani, hana neno. Alitaka kujua kama inasikika. Kisha, kwa kuwa nimeshaamka, akaniomba nimpigie mdogo wake, kwani huko ilikuwa bado saa tano.