Picha ya Mtu Kazini Ni ya Nani?

Kazi mbili hufanyika alfajiri katika mialo ya Musoma. Ya kwanza ni ya zamani: mitumbwi hurudi baada ya usiku wa giza, taa huzimwa, na akina mama huchukua dagaa kwenda kuwaanika juu ya mchanga au juu ya vichanja. Ya pili ni ya juzi tu: vijana wa mjini huinua simu zao na kuipiga picha kazi ile ya kwanza. Wako wenye desturi ya kupiga kila siku picha moja ya mji wao; leo majabali ya ufukweni, kesho abiria wa Mwigobero wanaongoja chombo cha kwenda Kinesi, keshokutwa mama na ungo wake. Picha hizo ni nzuri, na nyingine nzuri mno. Juu ya uzuri wake hatuna neno. Lakini yafaa kuuliza kama mama yule ana haki yo yote juu ya picha ile, au kama sura yake ni mali ya kila apitaye, kama mawimbi ya ziwa.

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Mtu alikwenda studio kwa hiari yake, amevaa nguo njema, pengine koti la kuazima, akasimama wima mbele ya pazia lililochorwa bustani, akalipa, na baada ya siku kadhaa akarudi kuchukua picha yake. Mpiga picha alimheshimu, maana asiyependezwa na sura yake hulipa kwa manung'uniko. Wako wanaozicheka picha zile, ati zilikuwa za uongo kwa sababu ya koti. Sisi twaona vingine. Koti lilikuwa la kuazima, ila uchaguzi ulikuwa wa mwenyewe: yeye ndiye aliyeamua ni saa ipi ya maisha yake iwekwe ukutani. Na picha ilikwenda nyumbani kwake. Siku hizi picha yasemwa kuwa ya kweli zaidi, lakini saa huchaguliwa na mwingine, na picha huenda kwa watu wasiomjua aliyepigwa.

Hata hivyo hatutaki kuwasingizia vijana. Zamani filamu ilikuwa ghali, na kwa hiyo ilitunzwa kwa ajili ya arusi, ubatizo na hati ya kusafiria. Bibi zetu waliosaga mtama juu ya jiwe kwa miaka hamsini hawana picha hata moja ya kazi hiyo. Iliyopo yawaonyesha wamekaa kitini, mikono magotini, kama wageni katika nyumba yao wenyewe. Hasara hiyo ni kubwa, nayo haiwezi kulipwa. Kijana anayepiga picha ya dagaa wakianikwa anawawekea wajukuu kitu ambacho sisi hatukuwekewa. Kama angelazimika kuomba ruhusa ya kila mtu aliyeko sokoni, hakuna soko lo lote ambalo lingepata kukumbukwa.

Tena sheria haitutoi katika shida hii. Katiba yetu, katika ibara ya 16, yataka faragha ya mtu iheshimiwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni mambo mema. Lakini mwalo si chumba cha kulala, na mtu aweza kukaa ndani ya sheria na bado akamdhulumu jirani yake.

Jirani zetu wa Mwanza wanalijua jambo hili. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, juu ya biashara ya sangara na maisha ya watu mjini humo. Ilisifiwa sana ng'ambo. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu waziwazi kwamba imeipaka nchi matope. Ugomvi huo hatuufufui. Umaskini ulikuwapo, wala haufai kufichwa ili wakubwa wasione haya. Lakini mtu aliyeonekana akianika mapanki alikuwa na jina, na deni, na pengine utani wa kuwachekesha wenzake. Mbele ya watazamaji wa mbali alifika kama mfano tu wa shida za bara zima. Sifa nazo hufanya vivyo hivyo: kijana mchunga ng'ombe wa Bunda, anayepigwa picha kupitia kioo cha gari liendalo lango la Ndabaka, hugeuzwa kuwa sehemu ya mandhari.

Na tusiwaonyeshee wageni kidole peke yao. Huko Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, kumbukumbu zake zatunzwa kwa heshima, kama ipasavyo. Picha yake ya tarehe 26 Aprili 1964, akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, yajulikana na kila mtoto wa shule. Majina ya vijana walioshika chungu wangapi wayajua? Mara nyingi, chini ya picha za aina hii, mtu mmoja ana jina na wengine wote ni "wananchi". Mwalimu, aliyependa mno kuzungumza na wakulima wenzake, sidhani kama tungemfurahisha kwa desturi hiyo.

Maoni yetu ni kwamba picha ya mtu kazini yapaswa kurudi kwake. Si lazima ruhusa itangulie, kwani mtu aliyekwisha ombwa huacha kazi na kujipanga. Lakini baadaye kijana ashuke mwaloni, amwonyeshe mama picha, amwulize jina. Akisema ifutwe, ifutwe, hata kama ndiyo bora kuliko zote za mwaka. Na kama picha itauzwa, mama akitaka fungu lake hatumwoni kuwa na tamaa. Yeye mwenyewe huuza dagaa wake kwa sado, na hakuna amwulizaye kwa nini.

Wasiojua kukataa ndio wanaotusumbua zaidi: mgonjwa kitandani, marehemu, na mtoto. Wazazi wengi wema hutuma picha za watoto wao wakiogeshwa, au wakilia kwa kuchapwa, ili marafiki wacheke. Mtoto huyo atafika umri wa miaka 15, naye atazikuta. Wazazi walio na picha za namna hiyo waweza kuzitazama jioni hii, kabla hazijatumwa kwa mtu mwingine.