Kumbukumbu ya Mwanafunzi ni Amana

Huku Vihingo, Kibaha na Kisarawe, kila mtu aijua kazi ya mgema. Tembo lishushwalo mnazini asubuhi ni tamu. Likikaa hadi jioni huwa kali, na likiachwa zaidi hugeuka siki. Kinywaji hiki ni cha zamani, wala hatuandiki leo kumlaumu mgema, wala mzee anywaye kikombe kimoja akaenda zake kulala. Twaandika juu ya kijana wa shule au wa chuo akaaye siku tano bila kuonja, kisha usiku mmoja wa mapumziko hunywa kwa kushindana na wenzake, chupa baada ya chupa, mpaka asijijue.

Kijana huyo akikaripiwa hujibu: "Fedha ni yangu na kichwa ni changu. Nimekunywa Jumamosi, masomo ni Jumatatu. Nimemdhulumu nani?" Swali hili si la mzaha, na yafaa lijibiwe kwa hoja wala si kwa fimbo.

Kwanza tuitazame hesabu yake ya siku. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni unywaji wa kupindukia mtu anywapo gramu 60 za kileo halisi, au zaidi, kwa mara moja. Chupa tatu za bia za nusu lita, zenye nguvu ya asilimia 5, zakaribia sana kipimo hicho. Sasa, ndani ya ubongo iko sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kuyapokea mambo ya sasa na kuyaweka akiba. Kileo kikizidi damuni, kazi hiyo husimama. Mlevi aweza kuongea, kucheka, hata kutembea njia nzima hadi bwenini, na kesho yake asikumbuke neno. Mwaka 1970 tabibu Mmarekani Donald Goodwin na wenzake walieleza jinsi walivyowaonyesha vitu watu waliokwisha kunywa sana. Baada ya dakika 2 watu hao waliweza kuvitaja; baada ya nusu saa baadhi yao hawakuwa na habari navyo tena. Mambo hayo hayakuingia ghalani hata kidogo, basi hakuna wa kuyatafuta.

Wala hasara haishii usiku ule. Tuliyojifunza mchana hukazwa akilini tulalapo. Usingizi wa mlevi huwa mzito mwanzoni, lakini baadaye hukatikakatika, na kazi ile ya kukaza huharibika. Hivyo ulevi wa Jumamosi waiba masomo ya siku zilizotangulia, na Jumatatu hupokea kichwa kizito. Tena ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu na umri wa miaka 25. Kijana arudiaye mchezo huu aibomoa nyumba ambayo bado yajengwa. Ni kweli kwamba yuko anywaye akafaulu mtihani. Lakini kufaulu kwake hakuonyeshi angalifika wapi kama angalikuwa na akili yake yote.

Pili, asema kichwa ni chake. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Wengi wa vyuo vikuu husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo. Fedha hizo zimetoka kwa mkulima wa korosho, kwa mvuvi na kwa mama auzaye sokoni, ambao pengine wao wenyewe hawakupata kusoma. Hata majengo yana jasho la wengine: kituo cha elimu cha Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmaki, Norwei, Ufini na Uswidi. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu, jirani yetu, hadi mwaka 1955, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi na msaada, ni msaliti. Basi alewaye akapoteza alichofundishwa amekimwaga chakula hicho njiani. Huyo ndiye aliyemdhulumu: mwenye amana.

Wengine hujitetea kwa kusema, "Niliyoyafanya siyakumbuki." Aristotle alitaja sheria iliyomtoza mkosaji mlevi adhabu maradufu, kwa sababu chanzo cha kutojua kwake kilikuwa mikononi mwake: angaliweza kukataa kulewa. Kutokumbuka hakumwondolei mtu hatia. Ni sehemu ya deni lenyewe.

Hata hivyo tusimtwike kijana mzigo wote. Vile viroba vya pombe kali, vilivyoingia kwa urahisi katika mfuko wa sare ya shule, vilitengenezwa na kuuzwa na watu wazima mpaka vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Muuzaji aipokeaye noti kutoka mkono wa mtoto, na mzazi acheka mwanawe akipepesuka arusini, nao wamo katika dhuluma ile.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na walezi waulize mapema jinsi watoto wao wapitishavyo siku za mapumziko, wala wasingojee matokeo ya mtihani. Twawasihi wenye vilabu waupime umri kabla ya kuipima pombe. Nanyi vijana, mwenzenu akikataa chupa ya pili msimcheke. Huyo anailinda amana ya watu wengi, na ya kwenu imo.