Kuficha Kiungo Ni Kudanganya?

Katika kikundi chetu cha kroshia hapa Nyarugusu kuna ubishi usioisha: kuficha mahali mzunguko unapofungwa ni ufundi au udanganyifu?

Anayefuma kitambaa cha duara analijua tatizo. Uzi unapanda kila unapozunguka, kwa hiyo ukirudi ulikoanzia, mwisho umekaa juu ya mwanzo kama ngazi. Ukiunga na kupanda kwa vitanzi vitatu vyembamba, panabaki kijitundu. Mizunguko kumi, vijitundu kumi, na mstari unaolala upande kama kovu. Wengine hawaungi kabisa, wanazunguka tu mithili ya konokono, wameweka pini kujua walikoanzia. Kwa kofia ni sawa, ila ukibadilisha rangi, rangi hazikutani vizuri.

Mzunguko wa mwisho una ufundi wake. Unakata uzi, unatia kwenye sindano ya kushonea, unapita chini ya kichwa cha tundu la pili, halafu unarudi kwenye tundu la mwisho ulikotokea. Kinazaliwa kitanzi kinachofanana na wenzake wote.

Mama mmoja anakiita kitanzi cha uongo. "Sisi wenyewe tumeungwa hapa tangu 1996, kovu linaonekana. Kwa nini kitambaa kifiche?"

Mimi sikubali. Kitanzi kile ukikivuta kinashika. Kinachofanya kazi yake, uongo wake uko wapi?

Uongo ninaoujua uko upande wa nyuma: mkia wa uzi uliokatwa mfupi, ukachomekwa mara mbili tu. Mbele kinapendeza! Kikifuliwa mara chache, mkia unachomoka na kitambaa kinaanza kufumuka, mnunuzi ameshafika Kigoma. Mkia unataka urefu wa kiganja, upitishwe huku, kisha urudishwe kule, ili ujing'ate wenyewe.

Lakini uzi ni pesa, na anayebana uzi ana watoto. Simlaumu sana. Nawaza zaidi juu ya daftari. Mradi ukihesabu vipande, vidole navyo vinajifunza kuhesabu vipande. Ndugu zangu mnaokuja kutupiga picha na vitambaa vyetu, siku moja geuzeni kimoja mtazame nyuma.

Yule mama bado anaacha mstari wake uonekane, na wanunuzi wengine wanampunguzia bei. Juzi niligeuza kazi yake. Mikia yake ni mirefu kuliko yangu.