Nitacheza Saa Ngapi?

Shemeji yangu wa Ngamiani, Tanga, ana mashtaka dhidi ya mwanawe, na huyasoma kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Huyasoma akiwa na kete mkononi. "Mwangalie mpwao," huniambia, huku akidondosha kete moja moja, shimo hadi shimo, bila hata kuinamisha macho. "Yumo ndani tangu saa saba. Gemu, gemu, gemu. Mtoto wa kidato cha tatu huyo! Anapoteza muda tu." Kete ya mwisho huangukia shimo lenye kete, mbele yake kuna mali ya mpinzani; anakomba, anaendelea. Wazee waliozunguka mkeka hutikisa vichwa kuwasikitikia vijana wa siku hizi. Hakuna anayemuuliza yeye ameketi hapo tangu saa ngapi. Mimi najua, maana nilimkuta saa nane, na najua hatanyanyuka mpaka adhana ya magharibi.

Simsuti. Ni shemeji, na anayekula wali wa mtu huchunga ulimi. Ila swali limenikaa: kwa nini saa nne za mkekani ni starehe ya mtu mzima, na saa nne za sebuleni ni hasara?

Jibu la haraka ni kwamba bao lataka akili. Ni kweli. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na 22 mkononi na nyingine zimekwisha kupangwa ubaoni, na fundi wa kweli huona mzunguko mzima kabla hajatia kete ya kwanza. Mwalimu Nyerere alilipenda. Lakini siku moja niliacha mkeka nikaenda kukaa pembeni ya mpwa wangu, mbele ya PlayStation 2 ya mtumba ambayo waya wa padi yake umefungwa kwa utepe mweusi wa umeme. Alikuwa anacheza mpira. Nikagundua hamwangalii mchezaji mwenye mpira. Macho yake yako chini kabisa ya skrini, kwenye kiramani chenye vidoto, anasoma uwanja mzima. Kidole gumba cha kushoto kinamvuta beki hatua mbili kabla pasi haijapigwa. Nilimuuliza alijuaje itapigwa kule. "Mjomba, angepiga wapi tena?" Baba yake hunijibu hivyo hivyo nikimuuliza habari za kete.

Wengine watasema bao ni letu na gemu ni ya kuja. Hoja hiyo haifiki mbali. Neno karata lenyewe tuliachiwa na Wareno, na karata zinachezwa kila kijiwe bila mtu kuziuliza pasipoti. Dhumna nazo hupigwa mezani Unguja kwa kishindo cha mwenyeji.

Nadhani tumelipunguzia heshima neno kucheza, ilhali lugha yenyewe haikulipunguzia. Mtoto akicheza tumboni, mama hutulia. Asipocheza ndipo watu hukimbizana hospitali. Jicho likicheza tunangoja mgeni. Mwali huchezwa unyago, na humo ndani hakuna mzaha hata chembe. Kinamama wa mtaa huu wa shemeji wanacheza mchezo kila mwezi, na mwenye zamu huezeka nyumba kwa fedha hizo. Gurudumu nalo likicheza, fundi huingiza mkono akakwambia kuna nafasi hapa, ndiyo maana linacheza. Hilo la fundi ndilo lililonisimamisha. Kitu hucheza palipo na nafasi. Na nafasi, kwetu, ni uwazi kati ya vyuma viwili, na ni muda ambao hakuna aliyekutuma. Nitarudi hapo.

Kwanza niseme na watetezi wa gemu, maana nao wananichosha. Wakibanwa, hukimbilia faida. Gemu inanoa macho, gemu inafundisha Kiingereza, kuna vijana duniani wanalipwa kwa kucheza. Yote yaweza kuwa kweli na bado hawajajibu kitu. Mwenye shida ya Kiingereza akanunue kamusi. Anayeitetea gemu kwa faida amekwisha kukubali kwamba saa isiyo na faida ni ya kuonewa haya, na hapo ameshindwa kabla ya kuanza.

Nilimjaribu shemeji jioni moja. Kazini bandarini unaendea nini? Hela. Hela ya nini? Watoto wale, wasome. Wasome ili iweje? Wapate kazi. Wapate kazi ili? "Wapate hela, bwana, wewe vipi?" Nikamwambia tumerudi tulipoanza. Alinitazama, akatabasamu kidogo, kisha akainamia bao lake. Sijui kama alikusudia, lakini lile lilikuwa jibu bora kuliko lolote ambalo angeweza kulisema. Mahali fulani katika mlolongo ule wa ili-na-ili lazima pawe na jambo linalofanywa kwa ajili yake lenyewe, la sivyo mlolongo wote umening'inia hewani.

Aristotle alikwisha kuliona hilo. Katika kitabu cha kumi cha Maadili yake ya Nikomako anasema ingekuwa kioja mtu ataabike maisha mazima kusudi tu aje acheze. Mchezo kwake ni pumziko, na tunapumzika ili tupate nguvu za kurudia yaliyo muhimu. Mtaani tungesema kazi na dawa. Zaidi ya miaka 2,300 baadaye, mwanafalsafa Bernard Suits, aliyefundisha Kanada, alitoa mwaka 1978 kitabu ambamo panzi wa ngano za Aesop, yule aliyecheza kiangazi chote huku chungu wakiweka akiba, anapewa nafasi ya kujitetea. Kwa Suits, kucheza ni kuvikubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Mcheza gofu angeweza kuubeba mpira kwa mkono akautia shimoni. Hafanyi hivyo kwa sababu hapo mchezo utakuwa haupo. Shemeji angeweza kuzifagia kete zote 64 kwa kiganja kimoja, na angefukuzwa mkekani. Kisha Suits anauliza swali zito: tuseme kila haja ya mwanadamu imetoshelezwa, chakula kipo, maradhi hayapo, hakuna cha kutafuta. Tutafanya nini siku nzima? Anaona tutacheza. Basi huenda ni kazi inayongoja kuhalalishwa na mchezo.

Namkubali nusu. Panzi wa Suits hana mtoto wa kumlisha. Ila amenitoa katika ile aibu ya kutafuta faida ya kila saa, na kwa hilo namshukuru.

Bado kuna jambo ambalo panzi hakulijua, nami nililijua kwa kuumia. Miaka michache iliyopita niliweka kwenye simu mchezo wa shamba. Unapanda mahindi, unangoja, unavuna, unauza, unapanda tena. Ulikuwa wa bure. Baada ya majuma matatu nilijikuta nimeketi ukingoni mwa kitanda saa kumi alfajiri, mwanga wa simu usoni, navuna mahindi yasiyo na shamba kabla hayajaoza. Mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nasema kweli, hakukuwa na kitu. Sikuwa na raha, sikuwa na hofu ya kushindwa wala hamu ya kushinda. Nilikuwa kibarua wa mtu nisiyemjua, na wala halipi.

Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, na tunalitumia sana kwa waliodanganywa katika mapenzi: nilichezewa. Tofauti ya kucheza na kuchezewa ni silabi chache, na humo ndimo ninapoona kiini cha suala zima. Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, humpa mchezaji maisha matano. Yakiisha, maisha moja hurejea kila baada ya dakika 30, au unanunua. Hiyo nusu saa si sehemu ya mchezo kama mashimo ya kichwa na kimbi yalivyo sehemu za bao. Ni kamba. Katika gemu za mpira zimo pakiti za wachezaji unazonunua bila kujua ndani utamkuta nani, na mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba mtindo huo ni kamari. Ubao wa shemeji huegemea ukuta kutoka Jumapili hadi Ijumaa na haujawahi kumtumia ujumbe kwamba umemkumbuka.

Ndiyo maana sioni busara ya kuhesabu saa peke yake. China mwaka 2021 iliamua walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani lilipoutia uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, halikutaja saa ngapi. Liliangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imesukuma kando mambo mengine, kama anaendelea ingawa inamdhuru. Naona shirika lilikuwa karibu zaidi na fundi wa magurudumu. Bao nalo humeza watu. Tanga nzima inamjua mzee wa aina hiyo, wali unapoa nyumbani yeye yuko mkekani. Mpwa wangu, kwa upande wake, akifungwa hucheka, akizima huwa amezima, na hiyo PlayStation yake kuukuu haijaunganishwa na chochote isipokuwa televisheni na soketi.

Basi nikajiona nimemaliza. Nikaingia uani kwa dada yangu na hoja yangu nzima, kucheza na kuchezewa, nikimsimulia kama mtu aliyeokota dhahabu. Aliendelea kuchambua mchicha. Kwenye karo alikuwepo binti yake, mdogo wa yule wa sebuleni, anasugua sufuria la pilau kwa stilwaya, lile lililogandiwa na ukoko. Nikamgeukia kwa uchangamfu.

"Na wewe, gemu huipendi?"

"Naipenda, mjomba. Nitacheza saa ngapi?"

Hakulalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi la Pangani linaondoka lini. Nami nikaanza kuhesabu, kwa mara ya kwanza siku ile, saa zisizokuwa zangu wala za shemeji wala za kaka yake. Alifagia uwanja tukiwa bado tumelala. Aliteka maji. Akakuna nazi mbili. Tulipokwisha kula chakula cha mchana, baba akaenda mkekani, kaka akaenda sebuleni, mimi nikaenda kutafakari, na yeye akabaki na sufuria. Saa zetu zote nne zilikuwa zimesimama juu ya mgongo wake na wa mama yake. Aristotle aliyesifu sana wasaa wa kutafakari aliishi katika mji ambao watumwa na wanawake ndio waliokuwa jikoni, naye alilihalalisha hilo kwa maandishi. Nilikuwa nimemsoma miaka yote hiyo bila kumuuliza nani alikuwa anasugua vyungu.

Nafasi, basi. Gurudumu hucheza palipo na nafasi, na nafasi ya nyumba ile ilikuwa imegawanywa zamani, kabla ya mtu yeyote kuuliza kama gemu ina thamani. Vijana wa vibanda vya gemu, wale wanaobanana kwenye benchi wakingoja anayefungwa ainuke, hutazamwa kama tatizo la taifa. Nimepita katika vibanda vingi, Tanga na Dar es Salaam, na karibu mara zote benchi lote ni la wavulana. Msichana hashutumiwi kupoteza muda kwa gemu, kwa kuwa muda wenyewe hakupewa aupoteze.

Nilimwomba stilwaya. Dada yangu alicheka, akasema mjomba atalitoboa sufuria. Nikakunja mikono ya shati.

Kutoka karoni niliwasikia. Kaka mtu alilalamika kwanza, kisha akamfundisha vitufe haraka haraka, kwa sauti ya mwalimu aliyekosa subira. Akamfunga la kwanza, la pili, la tatu. Nilipomaliza kusuuza nilisimama mlangoni, mikono inadondosha maji. Ilikuwa nne bila, na dakika za mwisho. Binti alikuwa na mpira kwa mabeki wake. Alipiga pasi kushoto, ikarudi kulia, ikaenda kwa kipa, ikarudi kushoto. Hakwenda mbele hata hatua moja. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na kioo cha televisheni.

"Umefungwa nne halafu unapoteza muda!" kaka yake alipiga kelele.

Nje, mkekani, shemeji aliuliza kwa sauti ni nani huyo anayepoteza muda. Binti alirudisha mpira kwa kipa, akausimamisha hapo, akatafuta kwa kidole kitufe cha pasi.