SHUJAA ACHEKAYE: JE, MATUMAINI NI UDANGANYIFU?

Wapo wasemao kwamba hadithi za picha si jambo la kuwashughulisha walimu wa lugha. Husema kwamba hizo ni mchezo wa watoto, na kwamba mwalimu mwenye kazi yake hana nafasi ya kuwajadili watu warukao angani wakiwa wamevaa majoho. Rai hiyo siiafiki. Kila hadithi inayosomwa na vijana wengi ni mwalimu, hata kama haikuajiriwa na shule yoyote. Hatuna budi, basi, kuuliza inafundisha nini.

Majagina wenye nguvu zipitazo za binadamu ni wazaliwa wa Marekani, na suala ninalotaka kulichambua limekuwa likijadiliwa huko kwa muda mrefu. Kuna jagina wa aina mbili. Wa kwanza ana moyo mkunjufu: hutabasamu, hutania, humwamini mwenzake, na hutumaini kwamba ubaya unaweza kushindwa. Wa pili amekunja uso: moyo wake umejaa kisasi, hamwamini mtu, na ushindi wake humwacha mchungu kama alivyokuwa. Kwa miaka mingi wahakiki wengi wamemhesabu huyu wa pili kuwa ndiye wa kweli, na yule wa kwanza kuwa wa kitoto. Swali letu, basi, ni la maadili: je, shujaa achekaye anawadanganya wasomaji wake?

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1938 ilichapishwa hadithi ya kwanza ya Superman katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics. Waliomwumba ni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wawili wazaliwa wa mwaka 1914 na watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Hiyo haikuwa miaka ya neema. Msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa bado haujakwisha, na huko Ulaya vita vilikuwa vinanukia. Katika hadithi hiyo ya kwanza Superman hapigani na majitu ya sayari za mbali. Anamwokoa mwanamke asiye na hatia aliyekuwa karibu kuuawa kwa hukumu ya mahakama; anamwadhibu mume ampigaye mkewe; anaingilia njama za wakubwa wa serikali mjini Washington. Na kazi hizo anazifanya kwa uchangamfu, kama mtu aliyefurahi kwamba hatimaye yupo mtu wa kuzifanya.

Mwaka 1940 akatokea Captain Marvel. Huyu kwa hakika ni mtoto yatima, Billy Batson, muuza magazeti, ambaye akilitamka jina la mchawi mmoja mzee hugeuka kuwa mtu mzima mwenye nguvu za ajabu. Vitabu vyake vilijaa mzaha, na katika miaka hiyo vilishindana na vya Superman kwa mauzo. Mwaka 1946 mchezo wa redio wa Superman ulisimulia jinsi alivyopambana na kundi la wabaguzi lililoigwa waziwazi kutokana na Ku Klux Klan. Yaonekana, basi, kwamba wepesi wa moyo haukumzuia jagina kuyagusa mambo mazito ya jamii yake.

Hali iligeukaje? Mwaka 1954, baada ya tabibu wa akili Fredric Wertham kutoa kitabu cha kuvishutumu vitabu vya picha, na baada ya kamati ya Baraza la Seneti kulichunguza jambo hilo, wachapishaji wenyewe walijiwekea kanuni kali. Mojawapo ya kanuni hizo ilidai kwamba wema ushinde uovu katika kila hadithi. Msomaji na aitafakari kanuni hiyo vizuri, maana tutairudia.

Baadaye waandishi walianza kutafuta njia ya kuyarudisha machungu ya maisha katika hadithi. Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walimleta Spider-Man, kijana ambaye amlomlea aliuawa na mwizi ambaye kijana huyo mwenyewe alikuwa amemwacha apite. Mwaka 1973 mchumba wake, Gwen Stacy, alikufa. Kisha ukaja mwaka 1986, mwaka uliobadilisha mengi. Frank Miller alitoa The Dark Knight Returns, kisa cha Batman mzee na mkali. Mwaka huo huo Alan Moore na Dave Gibbons walianza kutoa Watchmen, kazi ya matoleo 12 iliyowaonyesha majagina kuwa watu wenye maradhi ya nafsi, uchu wa madaraka, na hata ukatili.

Kilichofuata kinaonekana vyema katika tukio la mwaka 1988. Wachapishaji wa Batman waliwapa wasomaji namba mbili za simu ili waamue kama Robin wa pili, kijana aitwaye Jason Todd, aishi au afe. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Waliotaka aishi walikuwa 5,271. Tofauti ilikuwa kura 72 tu. Kijana akafa, baada ya kupigwa kwa mtaimbo na kulipuliwa kwa bomu. Sisemi kwamba waliopiga simu hizo walikuwa watu wabaya. Mhusika wa hadithi hana damu. Lakini swali lenyewe, kwamba kijana huyu aishi au afe, lilikuwa limekwisha kuwa burudani.

Sasa na tuwape haki yao watetezi wa jagina mwenye uso wa huzuni, maana hoja zao si za kupuuzwa. Kwanza, husema kwamba ulimwengu umejaa dhuluma, na fasihi isiyoionyesha dhuluma hiyo ni ya uongo. Pili, husema kwamba msomaji hukua, na hadithi haina budi kukua pamoja naye. Tatu, na hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, husema kwamba kumshangilia mtu mwenye nguvu zisizo na mipaka ni hatari, kwa hiyo yafaa tuonyeshwe jinsi nguvu hizo ziwezavyo kumharibu.

Hoja ya tatu naikubali kabisa. Watchmen ni kazi kubwa kwa sababu inauliza swali la kweli: ni nani awezaye kuaminiwa kupewa nguvu kama hizo? Bahati mbaya ni kwamba wengi walioiga kazi hiyo waliliacha swali wakachukua damu. Moore mwenyewe amesikitika hadharani kwa hali hiyo. Ikawa kunuka damu ni alama ya ukomavu, na kukunja uso ni alama ya hekima.

Hoja ya kwanza, hata hivyo, imesimama juu ya msingi dhaifu. Inachukulia kwamba huzuni ni ya kweli zaidi kuliko furaha. Kwa nini? Mtu aliyesalitiwa na rafiki yake ameona jambo la kweli. Lakini mtu aliyegawiwa na jirani chakula cha mwisho kilichokuwa chunguni naye ameona jambo la kweli. Mwandishi asimuliaye usaliti peke yake amechagua, kama vile asimuliaye ukarimu peke yake alivyochagua. Hakuna kati yao awezaye kudai kwamba yeye amefungua dirisha tu na kutuonyesha dunia ilivyo.

Tena tusichanganye matumaini na utabiri. Mtabiri husema, “Mambo yatakuwa mema.” Akikosea, amesema uongo. Mwenye matumaini husema, “Mambo yanaweza kuwa mema, na kwa hiyo nitafanya sehemu yangu.” Kauli hiyo haiwi uongo hata akishindwa, kwa sababu si habari ya kesho bali ni ahadi juu yake mwenyewe. Hapa ndipo ilipo kasoro ya zile kanuni za mwaka 1954. Wema ukishurutishwa kushinda katika kila ukurasa, msomaji hana tena cha kutumaini, anajua tu. Hayo si matumaini, ni ratiba. Wale walioasi kanuni hizo walikuwa na haki ya kuasi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba dawa ya ushindi wa bure ni kushindwa kwa lazima. Hadithi ambayo ndani yake kila wema lazima usalitiwe ni ratiba vilevile, na imeandikwa kwa wino mweusi zaidi tu.

Je, na mzaha? Mtu aweza kukubali kwamba matumaini ni jambo la heshima, lakini akauliza ni kwa nini shujaa acheke. Jibu langu ni kwamba kicheko humtoa mtu ndani ya nafsi yake. Jagina wa kisasi hufikiri daima juu ya jeraha lake; hata anapomwokoa mwingine, anapigana na adui wake wa zamani. Jagina mchangamfu ana nafasi moyoni ya kumwona aliye mbele yake. Spider-Man ana machungu kuliko wengi, na bado hutania katikati ya mapigano. Mzaha wake hauyafuti machungu hayo. Unayazuia yasimtawale.

Mfano bora niujuao umo katika All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, iliyotolewa kati ya mwaka 2005 na 2008. Katika kisa hicho Superman amekwisha kujua kwamba anakufa, na siku zake zimebaki chache. Ana kazi kubwa za kumaliza. Hata hivyo anakatiza shughuli zake kwenda juu ya ghorofa, ambako msichana mmoja amesimama ukingoni akitaka kujitupa. Hatumii nguvu yoyote. Anazungumza naye kwa upole, kisha anamkumbatia. Hapo matumaini yanatolewa na mtu ambaye mwenyewe hana tumaini la kuishi. Nani atasema kwamba hayo ni maneno ya kitoto?

Wapo na wengine. Mwaka 2014 mwandishi G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona walianza kutoa hadithi za Kamala Khan, msichana Mwislamu wa Jersey City, mzawa wa familia ya Kipakistani. Katika moja ya visa vyake vya mwanzo anapambana na adui aliyewashawishi vijana kwamba kizazi chao ni mzigo kwa dunia, na kwamba afadhali miili yao itumiwe kama mashine za kuzalisha nguvu za umeme. Vijana hao hawakukamatwa. Walijitoa wenyewe kwa sababu waliamini kwamba hawana thamani. Kamala anawaokoa kwa ngumi, naam, lakini kwanza kwa kuwashawishi kwamba wameambiwa uongo. Kuanzia mwaka 2015 mwandishi Ryan North na mchoraji Erica Henderson walitoa visa vya Squirrel Girl, yaani Msichana Kindi, ambaye aghalabu huwashinda adui zake kwa kuzungumza nao mpaka wakasuluhika. Hadithi hizo huchekesha sana. Lakini wazo kwamba adui ana sababu zake, na kwamba yafaa kumsikiliza kabla ya kumpiga, si wazo jepesi.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kulishangaa jambo hili. Fumo Liyongo, kama masimulizi yanavyotueleza, alipofungwa gerezani akingoja kuuawa aliomba achezewe ngoma. Tupa ilikuwa imefichwa ndani ya mkate, na kelele za ngoma na nyimbo ndizo zilizofunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Naona katika kisa hicho jibu zima la suala letu. Aliyekuwa nje akiisikia ngoma angeweza kusema, “Mfungwa huyu ni mpumbavu, anaimba naye kesho atakufa.” Hakujua kwamba ndani ya wimbo mna kazi inayofanyika. Wala masimulizi hayatufichi mwisho wa Liyongo, kwamba aliuawa kwa hila na mwanawe mwenyewe. Furaha ya usiku ule haikuwa ya uongo kwa sababu ya msiba uliokuja baadaye.

Suala hili linatuhusu hasa sisi tunaofundisha katika nchi ambazo zimeonja vita na ukimbizi. Mwandishi aishiye katika mji wa amani aweza kudhani kwamba anamfunulia kijana siri kubwa anapomwonyesha kwamba watu huuana. Miongoni mwa wanafunzi wetu wapo ambao walilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Hao hawahitaji kufundishwa giza. Wanachostahili ni ushahidi kwamba mtu aliyeliona giza aweza bado kuwa mpole, kutania, na kumshika mwenzake mkono. Kumpa kijana kama huyo hadithi za kukata tamaa peke yake, na kumwambia kwamba huo ndio ukomavu, ni kumwongezea mzigo.

Sidai kwamba vitabu vya huzuni vifungiwe, la hasha! Vijana na wasome Watchmen wakifika umri wake, na wabishane juu yake. Nadai tu kwamba mwalimu anapochagua hadithi ya kusoma darasani, au anapowaagiza wanafunzi watunge yao, asimhesabu shujaa mkunjufu kuwa ni wa daraja la chini. Na amwulize mwanafunzi maswali mawili: shujaa huyu angeweza kupoteza nini? Na kwa kuwa angeweza kukipoteza, kwa nini bado anacheka? Hadithi ambayo haina jibu la swali la kwanza ni porojo. Yenye majibu ya yote mawili inafaa kusomwa, hata kama shujaa wake amevaa joho jekundu.